Kwa Miguu Hadi Namugongo, Mume na Mke: Mwongozo kwa Wanaotoka Mwanza

Ikikaribia Mei, katika parokia nyingi za huku kwetu utasikia tangazo baada ya misa: wanaokwenda hija Namugongo, Uganda, wajiandikishe kwa katekista. Wengi hupanda basi, wakasali, wakachota maji, wakarudi. Mwongozo huu tumewaandikia mume na mke waliokubaliana kutembea, angalau kuanzia mpakani Mutukula, na wanaotaka kufika wakiwa bado wanaongea.

Kanuni ni moja, na mengine yote yanaifuata: safari ya wawili hupangwa kwa mwendo wa aliye taratibu. Kwetu sisi aliye taratibu ni mimi. Baba watoto alikulia Magu akichunga ng'ombe, na akianza kutembea hasimami mpaka aone maji. Kwa hiyo umbali wa kila siku, uzito wa kila begi na saa ya kuamka vilipangwa kwa miguu yangu. Mkipanga kwa miguu ya mwenye nguvu, siku ya tatu mmoja atakuwa hujaji na mwingine mgonjwa.

Kwanza, jueni mnakokwenda

Msiruke hatua hii, maana kwenye kilomita za lami tupu ndiyo itakayowapa la kusemezana.

Mashahidi wa Uganda waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964 ni 22, wote Wakatoliki, na pamoja nao waliuawa Waanglikana pia. Waliuawa kati ya mwaka 1885 na 1887 chini ya Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, Mwanga. Wa kwanza kati ya hao 22, Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliuawa tarehe 15 Novemba 1885. Karoli Lwanga alichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, na ndiyo maana sikukuu yao ni siku hiyo.

Wengi wetu hatukufundishwa kwamba habari hii ina mguu mmoja Mwanza. Padri Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera, na Bruda Amans walifika kwanza Kageye, ufukweni upande huu wa kusini wa ziwa, wakavuka kwa mtumbwi na kutua Kigungu, Entebbe, tarehe 17 Februari 1879. Mambo yalipowawia magumu Buganda, mwishoni mwa 1882 wamisionari wale waliondoka, wakaja kuanzisha misheni Bukumbi, wakarudi huko mwaka 1885. Kisha likatokea jambo ambalo mimi husimama nalo kila nikilifikiria: Mwanga mwenyewe alipopinduliwa mwaka 1888 alikimbilia upande wetu wa ziwa, akapewa hifadhi na wamisionari walewale, palepale Bukumbi. Nendeni Bukumbi kabla ya kwenda Namugongo. Ni njia ya kuelekea Kigongo, huhitaji pasipoti wala kubadilisha pesa.

Na kwa kuwa mnakwenda kama wanandoa, msidhani wote waliouawa walikuwa vijana wa ikulu. Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka, aliyeuawa Munyonyo tarehe 26 Mei 1886, alikuwa na mke, Klara Batudde. Mathias Kalemba Mulumba naye alikuwa mtu wa familia. Sisi tulimchagua Kaggwa awe mwombezi wa safari, na kila tuliposhindwana kuhusu jambo la kipuuzi mmoja wetu alikuwa anasema tu, "Klara angesemaje?" Ilitosha.

Karatasi

Anzeni miezi mitatu kabla. Kitambulisho cha NIDA peke yake hakikuvushi Mutukula. Chukua pasipoti, au uliza ofisi ya Uhamiaji ya mkoa kuhusu hati ya dharura ya safari, ambayo ni nafuu kwa anayevuka mara moja. Viza kwa Mtanzania hakuna. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano lazima iwe mkononi, na chanjo yenyewe huhesabika kuanzia siku ya kumi baada ya kuchomwa, kwa hiyo usiende kuchanja wiki ya safari. Ukishachanja mara moja, kadi hiyo ni ya maisha, ihifadhi.

Fuatilieni pia matangazo ya Wizara ya Afya. Kagera ilipata Marburg mwaka 2023 na tena 2025, Uganda ikapata Ebola 2022 na tena 2025. Hilo halikatazi hija, ila mpakani mtapimwa joto na kunawishwa mikono, na aliye na homa siku hiyo atachelewesha wote wawili.

Mwombeni paroko barua ya utambulisho yenye mhuri, inayowataja wote wawili kuwa ni mume na mke, parokia na jumuiya yenu. Barua hii ilitufaa kuliko karatasi nyingine yoyote baada ya pasipoti. Ukifika jioni kwenye parokia usiyoijua umejaa vumbi, ndiyo inayokufungulia darasa la kulala. Pigeni kopi kadhaa, kila mmoja abebe zake.

Mazoezi

Mtu anayepanda na kushuka milima ya Mwanza kila siku hudhani ana mazoezi. Ana mapafu, hilo kweli. Ila nyayo zake hazijawahi kupigwa na lami saa saba mfululizo, na nyayo ndizo zinazoamua.

Anzeni wiki kumi kabla. Siku za kazi, nusu saa hadi saa moja jioni, hata kama ni kupanda tu hadi Kanisa Kuu la Epifania Bugando na kushuka. Jumamosi, mwendo mrefu unaoongezeka polepole. Njia tuliyoipenda ni ya Igoma kwenda Kisesa hadi Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma: kutoka mjini ni kama kilomita 20, barabara ina magari mengi kama itakavyokuwa huko mbele, na mwisho wake kuna kivuli na mahali pa kusali. Rudini kwa daladala. Jumamosi mbili za mwisho tembeeni na mabegi yakiwa na uzito kamili, na Jumapili yake mtembee tena japo kilomita 10 miguu ikiwa bado inauma. Kutembea siku ya pili na uchovu wa jana ndilo zoezi lenyewe, na wengi hulikwepa.

Pimeni presha na sukari mapema. Mwenye dawa za kila siku abebe za safari nzima na wiki moja zaidi, nusu kwenye begi lake na nusu kwa mwenzake.

Kazini na nyumbani pia kuna maandalizi yake. Siku zenyewe zinaangukia wakati watu wengi wa Usukuma wanavuna mpunga, na shamba halijui hija. Kubalianeni na atakayesimamia, na anayebaki na watoto ajue nambari ya paroko.

Miguu na mzigo

Viatu: tafuteni raba zilizokwisha kulainika. Soko la Mlango Mmoja kuna raba za mtumba za kutembelea ambazo zina soli nene na bei ya kuzungumzika. Chukua kubwa kwa namba moja, maana mguu huvimba mchana. Usiondoke na kiatu kipya hata kama umezawadiwa na mkwe. Kandambili au yeboyebo za jioni ni lazima, ili kiatu na mguu vipumzike.

Soksi jozi tatu kila mmoja. Tulikuwa tunavaa soksi nyembamba ndani na nzito juu, zisuguane zenyewe badala ya kusugua ngozi. Kila asubuhi kabla ya kuvaa, vaselini katikati ya vidole, kisigino na, kwa wenye mapaja yanayogusana, huko pia. Hapa msione haya, michubuko ya mapaja imewarudisha watu wazima nyumbani. Kucha zikatwe siku nne kabla, zisikatwe mno.

Soksi zilizofuliwa usiku hazikauki hadi alfajiri. Zibaneni kwa pini nyuma ya begi mkitembea. Nikiwa nyuma ya baba watoto nilikuwa naona soksi zangu mbili na zake mbili zikipigana mgongoni mwake hadi saa nne, zikiwa zimekauka ngangari.

Lengelenge likitokea, simameni hapohapo kwenye joto la kwanza, kabla halijajaa maji. Bandika plasta. Likishajaa na linauma, sindano iliyopitishwa kwenye moto ikapoa, au ikafutwa kwa spiriti, toboa pembeni, kamua kwa kitambaa safi, ngozi iache ilivyo, funika. Ukibandua ngozi umejifungulia kidonda. Na kila mmoja akague miguu ya mwenzake jioni kwa tochi ya simu, kwa sababu mtu hudanganya kuhusu miguu yake mwenyewe.

Begi lisizidi sehemu ya kumi ya uzito wa mwili wako: mwenye kilo 70, kilo 7. Ndani: nguo mbili za kubadilisha, koti la mvua, sweta, kofia pana, chandarua kimoja cha wawili, shuka, tochi, vidonge vya kutibu maji, chumvi ya maji ya kunywa unapoharisha, dawa za maumivu, rozari, na kitabu kidogo cha sala. Mama achukue kanga mbili. Kanga itakuwa taulo, pazia la kubadilishia nguo, mto, kivuli na mfuko wa mkate. Baba naye achukue kikoi kwa sababu hizohizo.

Chakula cha njiani cha kubeba kutoka nyumbani ni matobolwa na karanga. Viazi vilivyochemshwa vikaanikwa havivundi, havimwagiki, na hutafuna kidogo kidogo huku unatembea. Michembe, ile iliyoanikwa mibichi, iacheni, inahitaji jiko.

Kufika mpakani

Njia ni mbili. Ya majini, meli ya usiku hadi Bukoba. Ratiba hubadilika, ulizeni bandarini wenyewe. Ukisafiri katikati ya Mei utakuwa unakaribia tarehe 21, siku MV Bukoba ilipozama mwaka 1996, na utawasikia watu sitahani wakiwaombea ndugu zao bila kuambiwa. Ya nchi kavu, basi linapita Kigongo na kuvuka kwenye daraja jipya la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025, kisha Sengerema, Geita, Muleba hadi Bukoba. Zamani foleni ya kivuko peke yake ilikula saa kadhaa.

Laleni Bukoba usiku mmoja. Asubuhi pitieni Kanisa Kuu, mahali alipozikwa Kardinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kufanywa kardinali katika nyakati hizi, mwaka 1960. Mimi ni Mhaya, kwa hiyo hapa sitajifanya nisiye na upande: kaeni hapo japo nusu saa. Halafu gari la Mutukula, kama kilomita 80, mnavuka mto Kagera pale Kyaka, daraja lililolipuliwa kwenye vita vya 1978.

Mpakani mambo yote yako chini ya paa moja, Uhamiaji wa Tanzania na wa Uganda. Badilisheni pesa kwenye duka lenye kibali na risiti, si kwa vijana wenye vibunda mkononi. Shilingi yetu ina nguvu kuliko yao, mtapewa nyingi kuliko mlizotoa, msijione matajiri. Nunueni laini ya simu ya huko kwa kusajili pasipoti. Pesa gawaneni mafungu matatu: ya mume, ya mke, na nauli ya kurudi iliyoshonwa ndani ya nguo, ambayo haiguswi hata kwa ajili ya sadaka.

Njia, siku kwa siku

Kutoka Mutukula hadi Namugongo ni kama kilomita 235. Kwa kilomita 20 hadi 30 kwa siku, na siku moja ya kupumzika, tengeni siku kumi na moja au kumi na mbili. Lengeni kufika tarehe 1 Juni, mhesabu kurudi nyuma.

Kabla ya yote: Uganda nao wanaendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo tembeeni upande wa kulia, mkiyaona magari yanayowajia, mmoja nyuma ya mwingine. Ondokeni saa kumi na moja alfajiri na tochi na nguo ya rangi kali, mfike kabla ya saa nane mchana. Mvua za huko mwezi Mei bado zinanyesha, na nyingi huja mchana.

Mutukula hadi Kyotera ni kama kilomita 45. Zigaweni siku mbili. Ni nchi ya wazi, ng'ombe na vichuguu, vituo vichache. Maji yajazeni kila mnapoyaona. Hapa ndipo wanandoa hugundua mengi kuhusu mwendo wao, na ni vizuri mgundue mkiwa bado karibu na nyumbani.

Kyotera, Kalisizo, hadi Masaka: siku mbili nyingine nyepesi, migomba pande zote na kahawa imeanikwa nje ya nyumba. Mtaanza kukutana na mahujaji wengine, wengi wamevaa fulana za majimbo yao, wanaimba. Salimieni kwanza kwa lugha yao, "Oli otya ssebo" kwa baba, "Oli otya nnyabo" kwa mama, kisha "Tuli balamazi", sisi ni mahujaji. Kiswahili mpakani na sokoni kinaenda, lakini vijijini wako wazee wa Buganda wanaokikumbuka kama lugha ya wanajeshi. Ukianza na salamu yao, mlango unafunguka na mengine mtaelewana kwa mikono. Wenye Kihaya tunapata mteremko kidogo.

Masaka pumzikeni siku nzima. Mwenye nguvu achukue bodaboda hadi Villa Maria, ambako Juni 1913 walipadrishwa mapadri wawili wa kwanza Waganda. Masaka pia ndiko alikofanya kazi Askofu Joseph Kiwanuka, Mwafrika wa kwanza kuwa askofu katika nyakati hizi, mwaka 1939. Fueni, laleni mchana, nunueni plasta.

Masaka hadi Lukaya ni siku moja. Lukaya ni kituo cha malori, kuku wa kuchoma wanakufuata hadi mdomoni, na vyumba vya kulala vina kelele usiku kucha. Afadhali mkaombe kwa paroko.

Kutoka Lukaya kwenda Kayabwe, kama kilomita 30, ndiyo siku ngumu kuliko zote. Mnavuka mto Katonga na kisha bonde la Lwera: majimaji pande zote, kivuli hakuna, malori ya mchanga, pembeni mwa lami padogo. Kuna wauza samaki wamewaning'iniza vijitini kando ya barabara, na mtu wa Mwanza atasimama kukagua sato wa watu, lakini msichelewe. Ondokeni saa tisa usiku mkiwa na kundi, kila mmoja na lita tatu za maji. Kama mvua imenyesha au mmoja ana mguu mbaya, pandeni taksi mvuke bonde hilo. (Taksi kwa Waganda ni daladala yetu, ukitaka gari la peke yako sema hivyo wazi, usije ukashangaa umebanwa na watu kumi na wanne.) Wako watakaowaambia kupanda gari kunaharibu hija. Kumgonganisha mke wako na lori la mchanga kunaiharibu zaidi.

Kayabwe ndipo ilipo alama ya ikweta. Pigeni picha, mguu mmoja kusini mmoja kaskazini, kila mtu anafanya hivyo. Toka hapo Buwama, Mpigi, hadi Kyengera ni siku tatu, vilima vya kupanda na kushuka, vyakula tele: matooke na mchuzi wa karanga, gonja (ndizi) za kuchoma, na chapati iliyoviringishwa na mayai wanayoiita roleksi, ambayo ndiyo kifungua kinywa bora cha hujaji, moto, nafuu, na inaliwa ukitembea.

Mkiingia Kampala mtapita Busega. Hapo waliuawa vijana watatu Waanglikana tarehe 31 Januari 1885, kabla ya Mkatoliki yeyote. Simameni. Mji wenyewe uvukeni asubuhi na mapema. Vurugu za bodaboda za Kampala ukiziona utaiombea radhi barabara ya Kenyatta. Siku ya mwisho ni Kireka, Kyaliwajjala, Namugongo.

Kama hamna wiki mbili, iko hija fupi ambayo naiheshimu vilevile: fikeni Kampala kwa basi, msali Munyonyo alipouawa Kaggwa, kisha mtembee Munyonyo hadi Namugongo kwa kufuata walikopitishwa waliohukumiwa Mei 1886. Kwa mwenye mazoezi ni siku moja ndefu.

Kutembea wawili

Aliye taratibu atangulie. Ukimweka nyuma atajikaza kukimbizana, na hatasema. Akiwa mbele, mwenye nguvu analazimika kufuata hatua yake, na baada ya siku mbili miguu inakubali.

Wekeni ishara moja ya kusimama isiyo na maswali. Yetu ilikuwa kugonga lami mara mbili kwa fimbo. Ukisikia, unasimama, huulizi "Tena?" Neno hilo moja, "tena", lina uwezo wa kuharibu asubuhi nzima.

Rozari salini pamoja saa za alfajiri, gizani, mmoja anaongoza mwingine anaitikia. Ikiisha, nyamazeni au zungumzeni, ila tengeni saa moja kila siku ya kutembea kimya, mmoja hatua hamsini mbele. Watu waliooana miaka mingi wanahitaji saa hiyo kuliko wachumba. Kila mmoja awe na daftari dogo la nia alizobebeshwa na jumuiya, wagonjwa, watoto wa mitihani, mwenye kesi. Zisomeni njiani moja moja, kwa majina.

Maamuzi ya pesa na ya mguu yasifanywe baada ya saa tisa alasiri. Njaa na uchovu vinasema kwa sauti ya mwenzako. Kuleni kwanza.

Kuhusu kulala: parokia na shule nyingi huwalaza wanaume darasa moja na wanawake jingine, ndoa au si ndoa. Msianze kuonyesha barua na kuomba upendeleo. Gawaneni vitu mchana, kila mmoja awe na tochi, maji na dawa zake, na mkubaliane mahali na saa ya kukutana alfajiri. Mimi usiku huo nilikuwa nalala vizuri zaidi, maana baba watoto anakoroma.

Mmoja akishindwa kabisa, wote wawili wanapanda gari. Hilo likubaliwe Mwanza, kabla ya safari, mbele ya mtu wa tatu. Likiachwa lijadiliwe njiani, mgonjwa atamsihi mzima aendelee, mzima atakubali nusu nusu, na mtarudi na deni ambalo halilipiki.

Namugongo

Tarehe 1 na 2 Juni ndizo siku za kusali kwa utulivu. Basilika ina umbo la nyumba ya msonge, nguzo 22 kwa idadi ya mashahidi, na altare iko pale alipochomwa Karoli Lwanga. Iliwekwa wakfu tarehe 3 Juni 1975. Papa Paulo VI alifika hapo mwaka 1969, Yohane Paulo II mwaka 1993, Fransisko mwaka 2015. Fanyeni kitubio mapema, foleni ni ndefu. Nendeni pia kwenye madhabahu ya Waanglikana, ni karibu, na makumbusho yao yanaonyesha mateso yale kwa sanamu ambazo watoto wadogo wasizione.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 watu hulala uwanjani kando ya ziwa dogo lililochimbwa. Chukueni nafasi kabla ya jua kuzama, karibu na njia na si karibu na vyoo. Kutakuwa na ukaguzi; vitu vyenye ncha, hata kisu cha matunda, viacheni mlikofikia, na mabegi makubwa pia. Simu na pesa viwe mbele ya tumbo, kwa sababu wezi nao hufanya hija. Kubalianeni alama ya kukutania isiyohama: mti, lango, nguzo. Usiseme "karibu na gari jeupe". Mtandao wa simu siku hiyo hulemewa na umati.

Maji ya kupeleka nyumbani, kidumu cha lita moja kinatosha jumuiya nzima mkigawa kwa vijiko. Mmetembea siku kumi na moja, msijitwishe lita ishirini.

Tiketi ya kurudi kateni siku ileile mnapofika Kampala, kwa basi la tarehe 4 jioni au tarehe 5. Tarehe 4 asubuhi kila Mtanzania aliyeko Uganda anataka kiti. Ombeni viti vya upande wa njia, mnyooshe miguu, na kila gari linaposimama shukeni mtembee hatua mia moja. Miguu iliyotembea kilomita 235 ikikunjwa ghafla usiku kucha huvimba. Mkifika Mwanza endeleeni kutembea kidogo jioni kwa wiki nzima. Kucha za vidole vikubwa zikigeuka nyeusi msizing'oe, zitaanguka zenyewe kama mwezi wa Agosti.